Kabati la dukani linakuvimbia? Lijenge upya kwa paleti, mkeka na magunia ya korosho

Wadau wa Mtwara na Lindi, hii ni ya wenye yale makabati ya nguo ya chipubodi, yale yanayokuja kwenye boksi na kimfuko cha skrubu, unalifunga mwenyewe nusu siku afu unapiga picha unatuma kwenye grupu la familia. Yanapendeza, sikatai. Shida ni kwamba hayakutengenezwa kwa ajili ya huku kwetu. Langu lilitoka Dar kwa fuso, kilomita zaidi ya 500, likafika Magomeni ya hapa Mtwara halina hata mkwaruzo, nikajiona nimemaliza. Mvua za Desemba zilivyoanza tu likavimba chini kama andazi, hadibodi ya mgongoni ikaota ukungu, na mashati yangu meupe yakatoka na vidoadoa vyeusi ambavyo hata jiki ilishindwa.

Nina mjomba seremala kule Mikindani, nikamwita aje aone. Hakusema kitu, akainama akabonyeza pembe ya chini kwa kidole gumba, ikaporomoka. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mpwa, hili sio kabati, ni biskuti, na wewe umeiweka kwenye chai." Mi nilishataka kulitupa, yeye ndo akakataa, akasema mbavu bado nzima, tubadilishe viungo vilivyokufa. Tulilifanya jioni jioni kama wiki tatu hivi, karibu kila tulichotumia kilikuwa cha kuokota au kuomba. Majirani wameniuliza sana kwahiyo naandika yote mara moja.

Kitu cha kuelewa kabla hujashika msumeno. Chipubodi ni mabaki ya mbao yamesagwa kama machicha ya nazi, yakashindiliwa na gundi, afu juu ikavalishwa ngozi ya plastiki. Ile ngozi maji hayapiti. Ila kwenye kingo zilizokatwa, kwenye matundu ya skrubu na chini kabisa panapogusa sakafu hakuna ngozi, pale ndo inapokunywa unyevu, na ikishavimba hairudi hata uianike mwaka mzima. MDF, ile bodi nyingine ya kushindiliwa, ni hivyo hivyo, tofauti unga wake laini zaidi. Kwahiyo ukiona mtu anabandika stika za maua kwenye kabati linalovimba, jua anampaka poda mgonjwa. Sisi tunaanza na miguu, mgongo na milango. Urembo utakuja wenyewe.

Muda mzuri wa hii kazi ni kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi, upepo wa kusi unakausha vitu vizuri. Ukifanya Februari rangi inakaa inanata siku tatu, na chipubodi yenyewe inakuwa imeshiba maji unaifungia ndani.

VITU VYA KUTAFUTA

Paleti mbili. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hasa wanaouza tailizi, maana tailizi zinakuja juu ya paleti, wengine wanakupa bure wengine wanataka hela ya soda. Angalia muhuri uliochomwa pembeni. Ukiona HT maana yake mbao ilipitishwa kwenye joto kuua wadudu, hiyo chukua. Ukiona MB iache hapo hapo, hiyo ilifukizwa na gesi ya sumu, methili bromaidi, sio kitu cha kuweka na nguo za mtoto. Isiyo na muhuri kabisa tumia akili, kama ina madoa ya mafuta au inanuka dawa achana nayo. Afu igonge chini uone kama inatoa unga mwembamba kwenye vitundu vidogo, ukiuona huo ni wa bungua, mdudu anayetoboa mbao, usimwingize nyumbani kwako kwa mikono yako mwenyewe.

Mkeka wa zamani au gunia la juti la korosho, nitaeleza mbele uchague kipi. Tairi la bodaboda lililokwisha. Chandarua kilichochanika kiasi kwamba hakifai tena kulalia. Kanga kuukuu. Vipande vya mpingo, hivi waombe wachonga vinyago, kwao ni mabaki.

Vya kununua ni vichache: gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 80, 120 na 240, andakoti ya mafuta, rangi ya mafuta, tina, vanishi, puti, na skrubu. Kwenye skrubu usibane hela. Zile nyeusi za jipsam zinauzwa rahisi na kila mtu anazo, ila kwa chumvi ya hewa ya huku zinaanza kulia kutu mapema tu na kutu inachora mistari ya kahawia kwenye rangi yako. Chukua zilizopakwa zinki, au za shaba kama mfuko unaruhusu. Vifaa ni msumeno, bisibisi, nyundo, msumeno wa chuma, futi, na drili hata ya kuazima. Na barakoa, usicheke, vumbi la chipubodi lina gundi ndani yake, linawasha koo usiku kucha.

1. FUNGUA KABATI LOTE

Lote. Usijidanganye utalifanyia kazi likiwa limesimama. Kila kipande andika herufi kwa maka peni, kushoto ndani, kulia nje, hivyo hivyo, na skrubu za kila kiungo zifunge kwenye mfuko wake. Mi niliziweka zote kwenye kopo moja la maziwa na nilijuta jumamosi nzima.

2. KATA KILICHOOZA, ZIBA KINGO

Sehemu iliyovimba usiipige msasa ukidhani itarudi. Kata. Makabati mengi chini yana kibao kirefu cha mbele na mbavu zinashuka chini ya rafu ya mwisho sentimita sita au saba hivi, huo mkia ndo unaooza, kwahiyo unaweza kukata mbavu zote kwa urefu mmoja usawa wa chini ya hiyo rafu bila kupoteza kitu. Kabla ya kukata bandika selotepu juu ya mstari, unakata juu yake, ngozi ya plastiki haibanduki vipande vipande.

Afu hii ndo siri kubwa kuliko zote na haina gharama. Chukua gundi nyeupe changanya na maji nusu kwa nusu, paka kwa brashi kingo zote zilizo wazi, na zile za kiwandani zenye utepe uliobanduka pia. Mkono wa kwanza utanyonywa wote kama hujapaka kitu. Subiri ikauke, paka wa pili. Wa pili ukikauka unapata ngozi ngumu hivi, hapo umeshafunga mdomo wa biskuti.

Matundu ya skrubu yaliyolegea: jaza vijiti vya kiberiti (toa vichwa) vilivyochovywa kwenye gundi isiyo na maji, shindilia, kata usawa, acha mpaka kesho yake. Bawaba iliyong'oka na kipande chake usihangaike nayo, ihamishe juu au chini sentimita tano utoboe upya.

3. KITAKO CHA PALETI NA VIATU VYA TAIRI

Kupasua paleti kuna ujinga wake. Ile misumari imejiviringisha, ukichokoa na mtaimbo ubao unapasuka kichwani, na wewe unahitaji urefu wote. Mjomba alinifundisha: penyeza jino la msumeno wa chuma katikati ya ubao na gogo, kata msumari wenyewe. Ni kazi ya taratibu, inauma bega, ila mbao zinatoka nzima. Vichwa vya misumari vinavyobaki kwenye ubao vipige kwa nyuma vitoke. Kuhakikisha hamna kilichojificha pitisha sumaku ya spika ya redio mbovu juu ya ubao, ikishika sehemu jua kuna chuma, vinginevyo utaua meno ya msumeno wa watu.

Magogo ya paleti ndo yanakuwa kitako. Tengeneza fremu ya mstatili yenye ukubwa sawa na chini ya kabati, na hapa uwe makini, mbavu za kabati lazima zikae juu ya mbao ya fremu moja kwa moja maana mbavu ndo zinabeba mzigo. Watu wanafunga miguu minne kwenye rafu ya chini ya chipubodi, baada ya miezi rafu inapinda skrubu zinatoka. Kama kabati linazidi mita moja upana weka na mguu wa tano katikati. Urefu wa kitako sentimita 10 unatosha, ufagio upite chini na siku maji yakiingia ndani yapite zake.

Viatu sasa. Mgongo wa tairi la bodaboda unakatika kwa kisu kikali, kiloweshe na maji ya sabuni kiteleze. La gari acha, mengi yana nyaya utavunja kisu bure. Kata vipande vya saizi ya mguu, vipigilie misumari miwili ya kuzama ndani ya mpira. Hapo mbao haigusi saruji tena. Wapo wanaopaka oili chafu miguuni kuzuia mchwa, inasaidia, ila paka chini ya kitako tu na iache nje ikauke wiki, harufu yake inaingia kwenye nguo. Na kuna mzee mmoja akaniambia nipake mafuta ya ganda la korosho, nikamjibu shikamoo nikaondoka. Ni kweli mchwa hawayapendi, lakini kila aliyekulia kwenye kubangua anajua yanavyobabua ngozi, kabati ni kitu cha kushikwa kila siku.

4. MGONGO UNAOPUMUA

Ile hadibodi nyembamba ya nyuma ndo inayolea ukungu, inafyonza unyevu wa ukuta na hewa haipiti. Itoe. Ila jua ilikuwa na kazi nyingine, ndo inayozuia kabati lisiyumbe kwenda kulia na kushoto, ukiitoa bila kuweka kitu kabati linalala kama mlevi.

Rudisha kabati pamoja, simamisha juu ya kitako, funga skrubu za kwenda chini. Pima kona kwa kona, juu kushoto mpaka chini kulia, afu ile nyingine. Namba zikiwa sawa kabati limenyooka, zikipishana sukuma mpaka zilingane. Hapo hapo anza kufunga mbao za paleti kulala, kutoka ubavu mpaka ubavu, acha nafasi ya sentimita moja kati ya ubao na ubao, kila mwisho skrubu mbili sio moja, maana moja inageuka bawaba. Langu lina upana wa sentimita 118, mbao za paleti nyingi zina 120, kwahiyo nilipunguza kidogo tu. Kwa urefu wa sentimita 180 zimeingia kama 16, ndo maana nikasema paleti mbili. Toboa kwanza kwa drili kabla ya skrubu, chipubodi inapasuka ukiilazimisha. Mwisho weka ubao mmoja wa mshazari kwa nje, huo ndo unaomaliza kuyumba kote.

Najua unawaza mende. Kabla ya mbao tandaza kile chandarua kwa nyuma, kibane na pini za stepla ya fundi makochi, mbao zije juu yake. Hewa inapita, mende hapiti.

Kabati sasa ni zito. Lifunge ukutani kwa engo mbili za chuma juu, hasa kama kuna watoto wanaopanda droo kama ngazi, na liache mbali na ukuta sentimita tano.

5. MILANGO: MKEKA AU GUNIA

Hapa ndo watu wanaosimama mlangoni wanasema eeh, umenunua wapi hili.

Mlango wangu ni sentimita 40 kwa 170. Nikachora fremu ya sentimita 7 pembeni pote, na mkanda wa 7 katikati kwa kulala ili mlango usilegee, nikabaki na madirisha mawili ya 26 kwa 74 na nusu. Usifanye fremu nyembamba zaidi ya hapo kwasababu bawaba za kuzama zinahitaji nyama. Toboa tundu kila kona, ingiza msumeno, kata. Kingo mpya zipakwe ile gundi ya maji mikono miwili, usisahau, ndo kwanza umezifungua.

Ukichagua mkeka: wa ukindu au milala unafaa, mradi haujaoza katikati. Kwa kawaida mkeka unachakaa pale watu wanapokaa na pembeni unabaki mzima, kwahiyo chukua pembeni. Ufute kwa kitambaa chenye maji na chumvi kidogo, anika kivulini, jua kali linaufanya uvunjike. Kata ukiwa umeshashona ukingo kwa uzi kwanza, vinginevyo unafumuka mkononi mwako huku unauangalia. Acha ziada ya sentimita mbili kila upande.

Ukichagua gunia: ya juti yanapatikana kwa wabanguaji, msimu ukishaanza Oktoba ndo yanakuwa mengi. Fumua mshono, loweka kwa sabuni, suuza, rudia tena, maana gunia lililobeba korosho ghafi linaweza kuwa na mafuta ya ganda. Mifuko iliyobeba salfa ya kupulizia mikorosho au dawa yoyote ya shamba usiiguse kabisa kwa kazi hii, hata uifue mara kumi. Gunia likiwa na unyevunyevu lipige pasi, livute kwenye fremu hivyo hivyo bado halijakauka, likikauka linajikaza lenyewe kama ngoma. Na ile chapa ya maandishi ya gunia iache ionekane kwa mbele, mimi ya kwangu imekaa juu chini, sikuona mpaka nimemaliza.

Mi binafsi mkeka. Gunia linashika vumbi na linatoa nyuzinyuzi, ila ukiwa na mlango mpana gunia linavutika vizuri kuliko mkeka. Vyote viwili unavibana kwa ndani, stepla kwanza, afu juu yake vipapi vyembamba ulivyopasua kwenye ubao wa paleti uliobaki, skrubu fupi zisizotokeza mbele. Chipubodi ya milimita 16 na kipapi cha milimita 10 jumla 26, kwahiyo skrubu ya 20 ndo mwisho.

6. RANGI

Ngozi ya plastiki haishiki rangi ikiwa inateleza. Pitisha msasa 120 mpaka mng'ao uishe tu, usiichune. Futa vumbi, futa tena na tina kidogo. Andakoti mkono mmoja, ikikauka msasa 240 kwa kubembeleza, afu rangi mikono miwili myembamba. Mmoja mzito unatiririka, nimeuona. Mbao za mgongo na kitako usizipake rangi, paka vanishi, zile alama za misumari na muhuri wa HT ndo uzuri wenyewe. Milango ipakwe kabla hujaweka mkeka, hii niliifanya kinyume, nikapaka rangi kwa brashi ya kucha pembeni mwa mkeka siku nzima.

7. VISHIKIO NA DROO

Mpingo. Kipande cha urefu wa kiganja, kikatwe bapa upande mmoja, msasa kuanzia 80 kupanda mpaka 240, na ukiendelea na wa juu zaidi kinang'aa chenyewe bila vanishi. Vaa barakoa hapa pia, vumbi la mpingo linawasha. Toboa kwa drili kabla ya skrubu, ni mgumu, skrubu inakatika shingo au kipande kinapasuka. Na kama umeuziwa badala ya kupewa, hakikisha: tumbukiza kwenye ndoo, mpingo unazama. Ukielea na kidole chako kikatoka cheusi hiyo ni mbao nyingine imepakwa rangi ya viatu.

Droo zenye kitako cha hadibodi zinajaa tumbo. Weka kipapi kimoja kwa chini katikati, gundi na skrubu mbili za pembeni. Ndani bandika kanga kwa ile ile gundi ya maji, paka ubaoni, laza kanga, ikaze kwa mkono kutoka katikati kwenda nje, paka tena juu yake. Panga jina la kanga lije mbele ulisome ukifungua. Mimi nilikata vibaya ile ya mama, ilikuwa WASEMAO WASEME, nimebaki na WASEME peke yake, kila asubuhi natoa soksi naambiwa waseme.

Kabati limeshapita mvua mbili, mashati meupe ni meupe. Juzi mjomba alipita kunisalimia, hata maji hajanywa akainama pale pale kwenye pembe akabonyeza na kidole gumba. Akabonyeza tena. Akainuka akavuta droo moja moja, akasema, "Mpwa, ya tatu inakwama." Ni kweli inakwama. Kama na yako inakwama, sugua mshumaa kwenye reli zake za mbao pande zote mbili, ivute na kuirudisha mara kumi hivi, inatosha.